"Nina wadudu wawili tu": homa ya malaria inatoka wapi hasa?



Kaa kwenye benchi la kusubiria majibu ya maabara pale Musoma, Bunda au kituo chochote cha afya mkoani Mara, na nusu saa haiishi hujasikia sentensi hii: "Aah, nina wadudu wawili tu." Aliyesema anacheka kidogo, anakunja karatasi yake, anaona mambo si mabaya. Pembeni kuna mwenzake mwenye "wadudu kumi", na benchi zima linamtazama kwa huruma.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Mtaalamu wa maabara anapoangalia damu yako kwenye hadubini, hahesabu vimelea vyote ulivyonavyo mwilini. Anahesabu vimelea anavyoviona huku akihesabu na seli nyeupe za damu, na kwa kawaida anasimama akifikisha seli nyeupe 200. Makadirio yanayotumika ni kwamba mikrolita moja ya damu ina seli nyeupe 8,000. Kwa hiyo vimelea 2 kwa kila seli nyeupe 200 ni kama vimelea 80 ndani ya mikrolita moja. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, yaani mikrolita milioni 5. Zidisha 80 kwa milioni 5.

Umepata ngapi? Milioni 400.

Hao ndio "wadudu wawili tu". Na hapo hatujawagusa wale waliojibanza kwenye mishipa midogo ya viungo vya ndani, ambao damu ya kidole haiwaonyeshi.

Kuna jambo lingine, na ndilo lililonifanya niandike leo: hiyo namba, hata ukiihesabu vizuri, haikuambii utaumwa kiasi gani.

Nilijifunza hilo kabla sijaenda chuo kikuu. Ilikuwa likizo ya Desemba, tuko Butiama kwa bibi. Binamu yangu aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam alikuja kusalimia ukoo, na wiki ya pili akaanguka: baridi, kutapika, kichwa kinapasuka. Tukampeleka kupima. Bibi aliyetusindikiza naye akasema, "Na mimi nipimeni basi, si nipo hapa hapa." Majibu yakatoka. Binamu ana vimelea. Bibi naye ana vimelea, tena vingi kuliko vya binamu. Yule kijana amelala kwenye benchi hawezi hata kuitikia salamu, na bibi anaangalia jua lilipofika: "Mjukuu wangu, mimi nina udaga wa kuanika. Tutaondoka saa ngapi?"

Mdudu ni yule yule, *Plasmodium falciparum*, na kijiji ni kile kile. Kwa nini mmoja anakaribia kuzimia na mwingine anawaza udaga? Jibu kubwa liko kwenye vitu vidogo vinavyoitwa saitokini.

Yowe la kinga ya mwili

Kama umekulia Mara, hili utalielewa haraka. Usiku wa manane mtu anasikia kishindo zizini. Hatoki peke yake na rungu, anapiga yowe. Jirani anasikia, naye anapiga yowe. Ndani ya dakika chache kijiji kizima kiko nje: wengine na tochi, wengine na marungu, wengine wamekwenda kuziba njia ya mtoni ambako wezi wa ng'ombe wangepitia.

Saitokini ni yowe hilo. Ni protini ndogo ambazo seli za mwili huzitoa ili kuambiana jambo. Seli moja inatoa saitokini, nyingine yenye kipokezi chake inaisikia na kubadilisha tabia: inaanza kula wadudu, inazaliana, inahama kwenda eneo la tukio, au inapiga yowe lake yenyewe.

Ziko za aina nyingi. Zile zinazoamsha mapambano ndizo zinazoleta inflamesheni, hali unayoijua vizuri kama umewahi kuota jipu: joto, wekundu, uvimbe, maumivu. Kwenye malaria wahusika wakuu ni TNF, intalukini-1, intalukini-6 na intaferoni gama. Hiyo TNF ilipewa jina mwaka 1975 na watafiti wa New York, walioona inaua seli za uvimbe wa saratani kwenye panya. Wakati huo wengi hawakuihusisha na malaria. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi wa Australia, Ian Clark, alianza kusema jambo lililoonekana la ajabu: huenda mgonjwa wa malaria anaumizwa na vitu ambavyo mwili wake mwenyewe unavitoa, si sumu ya mdudu peke yake.

Usiku mmoja wa homa

Tufuate safari. Mbu jike aina ya anofelesi anakuuma usiku, tuseme uko Makoko karibu na ziwa na hukulala kwenye chandarua. Vimelea vinaingia na kukimbilia kwenye ini. Huko vinakaa karibu wiki nzima vikizaliana, na wewe huna habari. Unaenda kazini, unakula sato wako, mwili haujashtuka.

Kisha vinatoka kwenye ini na kuingia kwenye seli nyekundu za damu. Kila kimelea kinakula hemoglobini, kile kitu kinachoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni. Baada ya saa 48 hivi, seli nyekundu inapasuka na kumwaga vimelea vipya zaidi ya kumi, kila kimoja kikitafuta seli yake. Pamoja navyo unamwagika uchafu: mabaki ya chakula, chembe nyeusi ziitwazo hemozoini, vipande vya ngozi ya mdudu.

Uchafu huo ndio kishindo zizini. Seli nyeupe zilizoko kwenye damu na kwenye bandama zinauonja, zinatambua kwamba hiki si cha humu ndani, na zinapiga yowe. TNF, intalukini-1 na intalukini-6 zinamwagika kwenye damu.

Zikifika kwenye ubongo, zinachochea kutengenezwa kwa prostaglandini. Hii inakwenda kwenye sehemu inayopima joto la mwili na kupandisha kipimo. Ni kama mtu amekuja kuzungusha kitufe: kutoka nyuzi 37 kwenda 40. Sasa mwili wako uko 37 lakini ubongo unaamini unatakiwa uwe 40, kwa hiyo unajiona uko kwenye barafu. Ndiyo maana unatetemeka chini ya blanketi mbili mchana wa jua kali la Bunda. Misuli inatetemeka ili kutengeneza joto. Ukifika 40, baridi inaisha na unawaka. Yowe likipungua, kitufe kinarudishwa 37, na mwili unamwaga jasho ili upoe.

Baridi, joto, jasho. Mwitaliano Camillo Golgi aliona mwaka 1886 kwamba homa inapanda wakati vimelea vinapasua seli. Alikuwa sahihi kuhusu saa ya tukio. Kilichomalizia hadithi karibu karne moja baadaye ni kujua kwamba kati ya kupasuka kwa seli na homa kuna saitokini.

Kwa hiyo ukimeza Panadol, unafanya nini? Unazuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Unarudisha kitufe. Unapata nafuu ya kweli, mtoto anaweza kunywa maji na kulala, na hilo si jambo dogo. Ila mdudu hajaguswa hata kidogo. Anaendelea kuzaliana, saa 48 zake zinahesabika.

Shika hapo, nitarudi.

Yowe lina faida

Usije ukaondoka unafikiri saitokini ni adui. Bila yowe, wezi wanamaliza zizi.

Intaferoni gama inazifanya seli zinazokula wadudu ziwe na njaa kali zaidi. Bandama inachuja seli zilizoambukizwa. Homa yenyewe ni silaha, kwa sababu joto kali linawadhuru vimelea waliokaribia kukomaa. Na saitokini zinachochea seli kutengeneza hewa iitwayo nitriki oksaidi, ambayo pamoja na kazi nyingine inaifanya mishipa ya damu itanuke na kuta zake zisinate.

Hapa kuna kazi ya nyumbani kabisa. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa watoto wa Kitanzania wenye malaria ya viwango tofauti. Wakati huo wanasayansi wengi walidhani nitriki oksaidi ikizidi ndiyo inayomzimisha mtoto mwenye malaria ya ubongo. Watafiti walipopima walikuta kinyume: kadiri malaria ilivyokuwa kali, ndivyo nitriki oksaidi ilivyokuwa kidogo. Wenye nyingi zaidi walikuwa wale wenye vimelea bila kuumwa. Mwaka 2003 ukafuata utafiti mwingine, pia kwa watoto wa Tanzania, ulioonyesha kwamba wenye malaria ya ubongo wana upungufu wa ajinini, malighafi inayotengeneza nitriki oksaidi hiyo. Yaani mwili unapiga yowe, watu wanatoka, lakini wanakuta hakuna marungu.

Mzee anayesema "inatosha"

Kila kijiji kina mzee ambaye fujo ikizidi anasimama na kusema, "Wezi wamekimbia, rudini makwao." Kwenye kinga ya mwili kazi hiyo inafanywa na saitokini nyingine, hasa intalukini-10. Hii inazituliza seli zinazotoa TNF.

Sasa turudi kwa bibi. Bibi ameishi Butiama na kando ya ziwa maisha yake yote. Ameugua malaria mara nyingi kiasi kwamba mwili wake umejifunza mambo mawili. La kwanza, ana kingamwili zinazowabana vimelea wasizaliane kupita kiasi. La pili, seli zake zimejifunza kupiga yowe la kiasi, na mzee wake anasimama mapema. Wezi wawili watatu wakipita, kijiji hakichomi nyumba.

Binamu wa Dar hana historia hiyo. Mwili wake ulikutana na kishindo hicho karibu kwa mara ya kwanza, na ukapiga yowe kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana vimelea vichache vilimlaza.

Na ukiwa mtoto wa Musoma uliyekwenda kusoma miaka minne Arusha au Dodoma, hili linakuhusu. Huo uzoefu wa mwili hautunzwi milele. Unafifia usipokutana na mdudu. Ukirudi likizo ukasema "mimi ni wa huku huku, malaria haiwezi kunifanya kitu", mwili wako unaweza kukukana. Lala kwenye chandarua kama mgeni.

Neno moja kwa upande wa bibi pia. Kutoumwa hakumaanishi kuwa salama kwa wengine. Mbu akimuuma bibi anaweza kuondoka na vimelea na kumpelekea mjukuu aliyelala chumba cha pili. Ndiyo maana siku ile naye alipewa dawa, na alimeza zote, ingawa alinung'unika.

Waliokuja kusaidia wanapokanyaga mahindi

Umewahi kuona shamba asubuhi baada ya yowe la usiku? Wezi wamepita mstari mmoja. Waliolala chini ni mahindi yaliyokanyagwa na majirani waliokuja kusaidia. Malaria kali inafanana na hilo, na mahindi yanakanyagwa sehemu tatu hivi.

Ya kwanza ni ubongo. *Plasmodium falciparum* anaifanya seli nyekundu aliyomo iote vijinundu vinavyonata, ili igande kwenye kuta za mishipa midogo isipite kwenye bandama. TNF na intaferoni gama, katika kuwaita seli nyeupe, zinazifanya kuta hizo ziote vishikio zaidi. Vishikio vilivyowekwa kwa ajili ya askari vinatumiwa na wezi. Mishipa inaziba, kuta zinavuja, ubongo unavimba. Hiyo ndiyo "malaria imepanda kichwani", na degedege ni moja ya dalili zake kwa watoto. Si ndege aliyepita juu ya nyumba wala si jicho la mtu. Ni dharura ya hospitali, saa hiyo hiyo.

Ya pili ni damu. Mdudu anapasua seli nyekundu, sawa, lakini hesabu za waliopasuliwa hazitoshi kueleza kwa nini mtoto anapauka kiasi kile. Sehemu ya jibu ni kwamba saitokini zikikaa juu kwa muda mrefu zinazuia uboho wa mifupa kutengeneza seli mpya, na zinafungia madini ya chuma yasitumike. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka magharibi mwa Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu kwenye ziwa hili hili, ulikuta watoto wenye upungufu mkubwa wa damu ni wale ambao intalukini-10 yao ilikuwa kidogo ukilinganisha na TNF. Yowe kubwa, mzee dhaifu.

Ya tatu ni kondo la nyuma la mama mjamzito. Vimelea vina tabia ya kujikusanya pale, hasa kwa mimba ya kwanza. Utafiti wa Kisumu uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba TNF ikipanda kwenye kondo, mtoto huelekea kuzaliwa na uzito mdogo. Mama mwenyewe anaweza asiwe na homa hata kidogo. Zile dozi za SP anazopewa kliniki, anazomeza mbele ya nesi, zina maana hiyo.

Tukirudi kwenye hesabu ya wadudu: Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwafuatilia watoto 882 tangu kuzaliwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Watoto 102 walipata malaria kali. Lakini watoto wengine 253 walikuwa na vimelea vingi sana kwenye damu bila malaria yao kuwa kali. Watafiti wa kundi hilo hilo la Muheza walionyesha pia, mwaka 2013, kwamba hali ya saitokini kwenye damu ya kitovu siku ya kuzaliwa inahusiana na ukali wa malaria atakayoipata mtoto baadaye. Idadi ya wadudu ina maana, usinielewe vibaya, ila ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni jinsi mwili unavyoitikia.

Basi si tuizime tu?

Kama msomaji makini, hapa lazima unauliza: kama TNF inaua watoto, kwa nini tusiizime? Swali zuri, na limeshajibiwa kwa gharama kubwa.

Thailand, utafiti uliochapishwa mwaka 1982. Wagonjwa 100 waliokuwa wamepoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. Nusu walipewa deksametasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayonyamazisha inflamesheni, pamoja na dawa ya malaria. Nusu wakapewa dawa ya malaria na maji ya mfano. Deksametasoni haikuokoa maisha ya ziada. Waliopewa walichukua muda mrefu zaidi kuzinduka, na walipata zaidi nimonia na kutokwa damu tumboni.

Gambia, 1996. Safari hii wakatumia kitu cha kulenga: kingamwili iliyotengenezwa maabara inayokamata TNF peke yake. Watoto 610 wenye malaria ya ubongo walishiriki. Matumaini yalikuwa makubwa, kwa sababu miaka sita nyuma ilikuwa imeonekana huko huko Gambia kwamba watoto waliokufa walikuwa na TNF nyingi zaidi kwa wastani. Matokeo? Vifo havikupungua. Na kati ya waliopona, waliobaki na athari za ubongo walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa kingamwili hiyo.

Ukizifikiria hizi mbili kwa macho ya kijiji, zinaeleweka. Umewaziba watu midomo huku wezi bado wamo zizini. Tena mtoto anapofika hospitali amezimia, mahindi yameshakanyagwa; kunyamazisha yowe saa hiyo hakuyasimamishi.

Utaniambia, mbona deksametasoni iliokoa watu wa korona mwaka 2020? Ni kweli, iliwasaidia waliokuwa wanahitaji oksijeni au mashine ya kupumulia. Ugonjwa tofauti, mdudu tofauti, wakati tofauti. Dawa nzuri kwa moto mmoja inaweza kuwa mbaya kwa mwingine, na ndiyo maana tunapima badala ya kubahatisha.

Sasa linganisha na jaribio la mwaka 2010 lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Hawakugusa saitokini kabisa. Walilinganisha dawa mbili za kuua mdudu: sindano ya kwinini na sindano ya atesuneti. Kwa kwinini walikufa watoto 10.9 kati ya kila 100. Kwa atesuneti 8.5. Atesuneti inawaua hata vimelea wachanga, kabla hawajakomaa na kuanza kunata kwenye mishipa. Inaondoa kishindo, na yowe linakufa lenyewe.

Hilo ndilo somo kubwa kwangu katika miaka yote niliyosoma kinga ya mwili. Njia bora tuliyonayo leo ya kutuliza saitokini kwenye malaria ni kumuua mdudu, mapema.

Simu kutoka Bunda

Nilisema nitarudi kwenye Panadol.

Mwaka ambao nilikuwa namalizia kuandika tasnifu yangu ya shahada ya uzamili, dada yangu alinipigia usiku kutoka Bunda. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa na homa tangu asubuhi. "Wewe si ndiyo unasomea haya mambo? Nimempa Panadol ya maji, homa imeshuka, sasa hivi anacheza. Nimpeleke?" Nilikuwa na jedwali la TNF mbele yangu kwenye kompyuta. Nikamjibu, "Dada, kama imeshuka na anacheza, subiri kwanza tuone kesho."

Kesho homa ikarudi. Akaenda duka la dawa la jirani, mtoto akachomwa "sindano ya kushusha homa". Ilikuwa dawa gani, mpaka leo hakuna anayejua; hakuna aliyeandika. Homa ikashuka tena. Hakuna aliyempima. Siku ya tatu alfajiri mtoto akapata degedege.

Aliwahishwa hospitali, akapimwa, akachomwa atesuneti, akawekewa sukari na damu. Alizinduka siku iliyofuata jioni na kuomba chai. Sasa yuko shule, anasoma vizuri, na hajui kwamba mjomba wake alikuwa na maarifa yote yaliyo kwenye makala hii na hayakumsaidia usiku ule. Niliisikia homa imeshuka, nikasahau kwamba homa ni yowe. Yowe likinyamaza, kuna uwezekano wa aina mbili: wezi wameondoka, au mtu amezibwa mdomo. Kwenye simu huwezi kujua ni ipi.

Kwa hiyo, msomaji wangu, nakuachia machache haya.

Mtoto akipata homa, mpime malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka kinachukua dakika 15 hadi 20. Panadol mpe apate nafuu, lakini isiwe sababu ya kuahirisha kipimo. Akikutwa na malaria isiyo kali akaandikiwa mseto, dozi ni sita kwa siku tatu. Azimalize hata kama siku ya pili anaruka kamba, na ameze pamoja na chakula au maziwa, kwa sababu mafuta yanaisaidia dawa kuingia mwilini. Akitapika kila kitu, akilegea, akipauka, akihema kwa shida au akipata degedege, hiyo si malaria ya kutibiwa nyumbani tena. Na usikubali yeye wala wewe mchomwe sindano ambayo jina lake hujaambiwa. Una haki ya kuuliza, "Hii inaitwaje, na inafanya nini?"

Dada bado ananipigia simu usiku. Siku hizi kabla hajamaliza salamu namkatisha kwa swali moja: "Mmepima?" Akisema bado, nakata simu ili apate nafasi ya kutafuta bodaboda.